Gramu na moli: utumie kanuni, uwiano au kukata vizio?

Mizani inasoma gramu, lakini mlinganyo wa kemia unahesabu moli, yaani mafungu ya chembe (atomu au molekuli) yenye idadi ile ile kila moja. Kwa hiyo karibu kila swali la kiasi katika kemia, la darasani au la maabara, linaanza au kuishia kwa kubadilisha kimoja kiwe kingine. Hesabu yenyewe ni fupi. Kinachowachanganya watu ni kwamba inafundishwa kwa njia tatu: mwalimu huyu anaandika kanuni ubaoni, yule anauliza "kama gramu 40 ni moli moja, je gramu 10?", na kitabu kinapanga mstari mrefu wa sehemu (namba za juu na chini) zenye vizio, yaani vipimo kama gramu na lita, vilivyokatwa. Mwanafunzi aliyepitia zote bila kuambiwa zinatofautiana wapi huishia kuchanganya nusu ya hii na nusu ya ile.

Njia zote tatu ni sahihi, na ukizifuata vizuri zinakupa jibu lile lile. Tofauti iko katika kile unachokiona ukiwa katikati ya hesabu, na katika aina ya kosa ambalo kila njia inaliacha lipite kimya kimya. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo la kuangalia kwanza unapochagua, kwa sababu kila mtu ana kosa lake analolirudia.

Kabla ya kuchagua: masi ya moli

Hakuna njia itakayokusaidia kama masi ya moli, yaani gramu ngapi zinafanya moli moja ya dutu, umeikosea. Basi tuifanye polepole kwa kampaundi tutakayoitumia hadi mwisho: fuwele za bluu za salfeti ya shaba, CuSO₄·5H₂O.

Kwenye jedwali la elementi shaba ni 63.5. Salfa ni 32. Oksijeni nne ni 4 × 16, yaani 64. Hapo tumefika 159.5. Wengi husimama hapa. Lakini fuwele hizo zimebeba maji ndani yake, molekuli tano za maji kwa kila CuSO₄ moja, na maji hayo yanakaa kwenye mizani pamoja na mengine yote. Maji, H₂O, ni 2 × 1 + 16, yaani 18, na tano mara 18 ni 90. Jumla ni 249.5, kwa hiyo moli moja ya fuwele hizo ina gramu 249.5. Aliyeyasahau maji atapata moli nyingi kuliko zilizopo kwa zaidi ya nusu, na hesabu yake yote iliyobaki itaonekana safi kabisa.

Mtego wa pili ni mabano. Katika Ca(OH)₂, ile 2 inazidisha oksijeni na haidrojeni pia: 40 + 2 × (16 + 1) = 74. Anayezidisha H peke yake anapata 58. Mtego wa tatu ni gesi kama oksijeni, ambayo molekuli yake ni O₂, kwa hiyo ni 32, wala sio 16.

Kuhusu namba za kwenye jedwali la elementi: swali likikupa Cl = 35.5, tumia 35.5. Maabara yenye mizani nyeti itatumia 35.45. Namba hiyo haikuwa nzima kwa sababu klorini ya asili ni mchanganyiko wa atomu za aina mbili, klorini-35 na klorini-37, na ile ya kwanza ndiyo nyingi zaidi. Usichanganye namba za vyanzo viwili katika hesabu moja.

Vigezo

Nitazipima njia kwa mambo manne. Kwanza kasi, swali likiwa la hatua moja. Pili onyo: ukigeuza kitu juu chini, njia inakustua? Tatu, inavyostahimili swali likirefuka, mathalani unapoanza na gramu za dutu moja ukatakiwa kumaliza na gramu za nyingine. Nne, mzigo: unahitaji kukariri nini, na hesabu ya kiwango gani.

Swali la hatua moja ni hili: gramu 4.99 za CuSO₄·5H₂O ni moli ngapi?

Swali refu ni hili: ukipasha moto gramu 21 za bikaboneti ya sodiamu hadi zote zivunjike, utabaki na gramu ngapi za kaboneti ya sodiamu? Mlinganyo ni 2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂. Masi za moli ni 84 kwa NaHCO₃ na 106 kwa Na₂CO₃.

Njia ya kwanza: kanuni

n = m ÷ M, ambapo n ni moli, m ni gramu ulizo nazo, na M ni masi ya moli. Ukitaka kurudi kwenye gramu, m = n × M. Kwa swali letu: 4.99 ÷ 249.5 = moli 0.02. Imeisha.

*Kasi.* Hakuna inayoifikia. Mtu aliyeizoea anajibu swali la hatua moja kabla mwenzake hajamaliza kuchora mstari wa sehemu.

*Onyo.* Hapa ndipo kanuni inapokuwa dhaifu, kwa sababu inapokea namba yoyote unayoipa. Chukua miligramu 500 za vitamini C, yaani asidi ya askobiki, C₆H₈O₆, ambayo masi yake ya moli ni 176. Ukiandika 500 ÷ 176 unapata 2.84, na kanuni haitakwambia kwamba uliiwekea miligramu mahali pa gramu. Jibu sahihi ni moli 0.00284. Umekosea mara elfu moja na hakuna kilichokustua. Tena, m na M zikiandikwa haraka kwa mkono zinafanana, na ukifika kwenye sura ya mimumunyo utaikuta M hiyo hiyo ikitumika kwa ukolezi, moli kwa lita.

*Swali refu.* Inabidi uivunje vipande. Gramu 21 ÷ 84 = moli 0.25 za NaHCO₃. Mlinganyo unasema mbili zinatoa moja, kwa hiyo moli 0.125 za Na₂CO₃. Kisha 0.125 × 106 = gramu 13.25. Ni safi, na kila kipande kinaeleweka peke yake, jambo ambalo msahihishaji analipenda. Lakini angalia kipande cha katikati, kile cha kugawa kwa mbili: kanuni haikigusi. Lazima ukikumbuke mwenyewe, na ndicho kinachosahaulika. Pia kila unapoandika jibu la katikati unashawishika kulikadiria. Gramu 10 za chumvi ya NaCl ukizigawa kwa 58.5 unapata 0.17094...; ukiandika 0.17 na kuendelea, umeshapoteza kidogo, na hatua zikiwa nne hicho kidogo kinakua. Acha tarakimu zote ndani ya kikokotoo, ukadirie mwishoni tu.

*Mzigo.* Unakariri kanuni moja na uwe unajua kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine. Kwa asiyeweza hilo, walimu hutoa ile pembetatu: m juu, n na M chini, unafunika kwa kidole unachokitafuta. Inafanya kazi. Ila naona inafaa kama gongo la muda, kwa sababu anayeitegemea muda mrefu huja kukwama siku kanuni inapokuwa na herufi nne.

*Inamfaa* mwenye maswali mengi mafupi ya aina moja na mazoea ya kugeuza kila kitu kuwa gramu kabla ya kuanza.

Njia ya pili: uwiano

Gramu 249.5 ni moli 1. Gramu 4.99 ni moli x. Unazidisha kwa msalaba: x × 249.5 = 4.99 × 1, kwa hiyo x = 0.02.

*Kasi.* Ya wastani. Kuna mistari miwili ya kuandika kabla hujagusa hesabu.

*Onyo.* Sina budi kuitetea hapa, kwa sababu njia hii hudharauliwa kama ya watoto. Ukiandika mstari wa kwanza, unaona kwa macho yako gramu ngapi zinafanya moli moja. Gramu 4.99 ni kidogo sana mbele ya 249.5, basi jibu lazima liwe chini ya moja, tena chini sana. Mtu anayefikiri hivyo hawezi kuandika moli 1,245 akaendelea na swali linalofuata. Udhaifu wake ni mpangilio: gramu zikae chini ya gramu, moli chini ya moli. Ukipishanisha safu, msalaba utakupa jibu baya bila kusita. Na kwa miligramu haina kinga zaidi ya kanuni, isipokuwa uandike kizio pembeni ya kila namba.

*Swali refu.* Hapa ina njia ya mkato ambayo wengi hawajaoneshwa. Mlinganyo unasema moli 2 za NaHCO₃, yaani gramu 168, zinatoa moli 1 ya Na₂CO₃, yaani gramu 106. Basi: gramu 168 zinatoa gramu 106, je gramu 21 zitatoa ngapi? 21 × 106 ÷ 168 = 13.25. Umetoka gramu hadi gramu bila kupita kwenye moli kabisa. Kwa swali la aina hii ni nzuri mno. Tatizo ni kwamba kwa kuziruka moli umeziondoa machoni, na kuna maswali yanayozihitaji. Ukipewa gramu za dutu mbili zinazokutana na kuulizwa ipi itaisha kwanza, gramu peke yake hazikwambii. Iliyo wazi zaidi ni kulinganisha moli. Na swali likiingiza ujazo wa mmumunyo au wa gesi, utajikuta unaandika uwiano juu ya uwiano mpaka ukurasa ujae.

*Mzigo.* Mdogo kuliko zote. Anayejua kutafuta bei ya vitu vitano akipewa bei ya viwili ameshaijua.

*Inamfaa* anayeanza, anayeogopa aljebra, na yeyote anayetaka kuhisi ukubwa wa jibu kabla ya kubonyeza kikokotoo.

Njia ya tatu: kukata vizio

Unaandika ulichonacho pamoja na kizio chake, halafu unakizidisha kwa sehemu ambayo juu na chini yake ni kitu kile kile kimeandikwa kwa vizio viwili. Kwa kuwa gramu 249.5 na moli 1 ya fuwele zetu ni kiasi kile kile, sehemu hiyo ina thamani ya moja. Inabadilisha kizio na kukiacha kiasi kama kilivyo.

4.99 g × (1 mol ÷ 249.5 g) = 0.02 mol

Gramu iliyo juu inakatana na gramu iliyo chini, inabaki moli.

*Kasi.* Ndiyo ya polepole kwa swali la hatua moja. Mwanzoni inachosha, na mtu anajiuliza kwa nini aandike yote hayo kwa ajili ya kugawanya mara moja.

*Onyo.* Sababu ni hii. Geuza sehemu juu chini: 4.99 g × (249.5 g ÷ 1 mol). Namba itatoka 1,245, lakini kizio kitakuwa gramu za mraba kwa moli, na hakuna dutu inayopimwa kwa kizio hicho. Kosa linajitangaza lenyewe kabla hujafika kwenye namba. Vivyo hivyo kwa vitamini C: miligramu haziwezi kukatana na gramu, kwa hiyo unalazimika kuingiza sehemu ya kuzibadilisha:

500 mg × (1 g ÷ 1000 mg) × (1 mol ÷ 176 g) = 0.00284 mol

Hata hivyo kuna pengo moja ambalo watetezi wa njia hii hawalisemi vya kutosha. Ukiandika "mol" tupu, moli za NaHCO₃ zitakatana na moli za Na₂CO₃ bila kelele, na unaweza kugeuza ile 2 kwa 1 ikawa 1 kwa 2 bila kugundua. Kizio kinakulinda pale tu kinapobeba jina la dutu. Andika "mol NaHCO₃" kila mara, hata kama mkono unachoka.

*Swali refu.* Ndiko nyumbani kwake:

21 g NaHCO₃ × (1 mol NaHCO₃ ÷ 84 g NaHCO₃) × (1 mol Na₂CO₃ ÷ 2 mol NaHCO₃) × (106 g Na₂CO₃ ÷ 1 mol Na₂CO₃) = 13.25 g Na₂CO₃

Mstari mmoja, hakuna jibu la katikati la kukadiria, na ile hatua ya mlinganyo inayosahaulika haiwezi kurukwa, maana bila hiyo majina hayakatani. Ukiulizwa idadi ya molekuli, unaongeza sehemu moja tu. Gramu 9 za maji: 9 g × (1 mol ÷ 18 g) × (6.022 × 10²³ ÷ 1 mol) = molekuli 3.011 × 10²³. Namba hiyo, iitwayo ya Avogadro, ni idadi ya chembe katika moli moja; kwa ukamilifu wake 6.02214076 × 10²³, ndiyo inayofafanua moli tangu tarehe 20 Mei 2019. Kabla ya hapo, tangu 1971, moli ilifafanuliwa kwa gramu 12 za kaboni-12. Kwa hesabu za darasani badiliko hilo halikugusa kitu: namba za jedwali lako ni zile zile.

*Mzigo.* Hakuna kanuni ya kukariri, ila inadai uwe umetulia na sehemu, na uwe na nidhamu ya kuandika. Hatari yake ni kwamba unaweza kuwa fundi wa kukata vizio huku hujui moli ni nini. Nimewaona wanafunzi wanaopanga mstari kama huo bila kosa, kisha wanashindwa kusema kama moli mbili za maji ni nyingi au chache kuliko gramu mbili za maji.

*Inamfaa* anayeendelea na kemia, anayefanya kazi maabara, na yule ambaye kosa lake la kila siku ni kugawanya palipotakiwa kuzidisha.

Vipi kuhusu vikokotoo vya mtandaoni?

Unaandika fomula na gramu, kinakupa moli. Ni vya haraka na masi zake za moli kwa kawaida ni sahihi zaidi ya zile za kichwani. Lakini angalia mambo matatu. Co ni kobalti na CO ni monoksidi ya kaboni, kwa hiyo herufi kubwa na ndogo zinabadilisha dutu. Maji ya fuwele yana namna yake ya kuandikwa ambayo hutofautiana kati ya kikokotoo kimoja na kingine. Ukiingiza CuSO₄·5H₂O, hakikisha kimekuonesha takriban 249.7 na hakijaishia 159.6. Tatu, kitakupa tarakimu nane ilhali mizani yako ilisoma tatu, na hizo za ziada hazina maana yoyote. Kwa kuhakiki kazi uliyokwisha kuifanya ni kizuri. Kwa kujifunzia hakitoshi, maana sehemu ngumu kimekufanyia.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Kama ndiyo kwanza unakutana na moli, anza na uwiano. Kaa nao mpaka uweze kukisia, kabla ya kukokotoa, kama jibu litazidi moja au litapungua. Ukifika hapo, kanuni haitakuwa tena herufi za kukariri. Utaona ni ule ule uwiano uliofupishwa.

Kama una mtihani karibu, wenye maswali mengi mafupi, na kanuni umeshaizoea, baki nayo. Kubadilisha njia siku chache kabla ya mtihani kunaleta makosa mapya juu ya yale ya zamani. Ongeza tabia moja tu: kabla ya kugawanya, zungushia duara kizio cha masi kwenye swali. Kikiwa mg au kg, kibadilishe kwanza.

Kama maswali yanayokuangusha ni yale marefu, ya mlinganyo, mimumunyo au gesi, jifunze kukata vizio sasa, hata kama majaribio ya kwanza yatakuchelewesha. Wanaokwama kwenye maswali hayo mara nyingi wanajua kila hatua, ila wanapotea kwenye mpangilio wa hatua, na vizio vinakupangia.

Kama wewe ni mwalimu, chagua njia moja ya kuanzia darasani na uwaambie wanafunzi waziwazi kwamba nyingine zipo. Mwanafunzi aliyehamia kwako akiwa na uwiano wake usimlazimishe kuutupa. Mpe swali la gramu za dutu mbili zinazokutana, aone mwenyewe unakomea wapi.

Kama uko maabara na unaandaa mmumunyo, kwa mfano mililita 250 za NaOH zenye moli 0.1 kwa lita, andika mstari wa vizio kwenye daftari la kazi: 0.250 L × (0.1 mol ÷ 1 L) × (40 g ÷ 1 mol) = 1 g. Mwenzako atakayelisoma daftari hilo baadaye ataona ulitumia masi gani ya moli na ulidhani nini. Namba hiyo ya masi ya moli isome kwenye lebo ya chupa uliyoishika, kwa sababu chupa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na dutu mbili tofauti: kaboneti ya sodiamu kavu ni 106, na ile yenye maji kumi, Na₂CO₃·10H₂O, ni 286.

Na kama tayari una njia unayoimudu, huna haja ya kuiacha. Azima tu ukaguzi kutoka kwa nyingine. Anayetumia kanuni aandike vizio pembeni ya kila namba. Anayekata vizio ajiulize, kabla ya kuendelea, kama gramu alizopewa ni nyingi au chache kuliko masi ya moli moja. Anayetumia uwiano aandike majina ya dutu juu ya safu zake, gramu upande mmoja na moli upande wa pili, ndipo azidishe kwa msalaba.